Kaktasi Niliyoing'oa Nikapewa Kofia

Vijana wangu wa kitalu, nimeiona picha mliyoweka kwenye kundi letu la simu. Mmechukua kaktasi ya msituni, mkaitia kwenye ndoo ya rangi, mkaijaza mchanga wa mto na kuiweka juani, juu ya paa la choo. Halafu mnaniuliza, "Mzee Mutisya, mbona imekuwa ya manjano?" Hongereni. Mmeifanyia kila kitu ambacho kaktasi ya jangwani ingekipenda. Kuna tatizo moja dogo tu: hiyo mliyo nayo haijawahi kuona jangwa, na ingekuwa na miguu ingekwisha kushuka hapo chooni na kurudi msituni Nunguni bila kuwaaga.

Msione haya sana. Mimi nimestaafu kutoka ofisi ya misitu baada ya miaka thelathini na kidogo, nikaagwa kwa saa ya ukutani ambayo haijawahi kusema saa ya kweli, na kaktasi hiyo nimeiua kwa njia nyingi kuliko ninyi. Kwa njia mojawapo nilipewa kofia.

Basi ishusheni kwanza, ndipo tuzungumze.

Wengi wenu mmekulia upande wa chini, ambako kaktasi ni ule mpungate wa miiba wenye majani mapana kama sahani. Hii ya msituni haina sahani wala miiba ikishakomaa. Ni nyuzi za kijani, nyembamba kama tambi, zinazoning'inia kutoka kwenye tawi la mti mkubwa. Matunda yake ni meupe, madogo kama ushanga, na ndani yana ute unaonata kama gundi. Haiishi ardhini. Inakaa juu ya mti, kivulini, na inakunywa ukungu. Nunguni mnaujua ukungu wa mwezi wa saba, ule unaoingia hadi kanisani mkamsikia mhubiri bila kumwona. Huo ndio chakula chake, pamoja na majani yaliyooza kwenye mapanda ya matawi.

Aliyenionyesha mmea huu ni Kimeu. Alikuwa kibarua wa kitalu chetu na mfuga nyuki, na sijafanya kazi na mtu mwenye mdomo mkali kuliko wake. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa. Kitaluni alikuwa adhabu. Nilipoajiriwa nikiwa na cheti changu kipya na viatu vyangu vipya, alinitazama kuanzia juu hadi chini na kuuliza kama huko shuleni walinifundisha pia kupanda mti, au walinifundisha jina lake tu.

Siku moja nilishusha kichaka kizima cha nyuzi hizo kutoka kwenye tawi, nikakipanda kwenye mfuko wa plastiki wa miche, nikaongeza samadi, nikamwagilia asubuhi na jioni. Nilijiona mtaalamu. Baada ya wiki mbili kilikuwa kimeoza na kunuka.

"Umezika?" Kimeu akaniuliza.

"Nimepanda, mzee."

"Hapana. Hii umezika. Hii kitu haikai kwa mchanga. Ukiiweka chini inakufa, vile hata wewe utakufa nikikuzika leo. Na ile samadi ulitia ya nini? Ulitaka inone kwanza?"

Alinipandisha mtini siku hiyo hiyo, na huko juu nikajifunza mambo ambayo sikuyakuta kwenye cheti. Chagueni mti wenye ganda la kukwaruza, kwa sababu kwenye ganda laini mizizi inateleza. Wekeni kipande cha uzi kwenye panda la tawi, upande ambao ukungu unaingilia. Kifungeni kwa kamba ya katani, ile ile wanayosokotea mama zetu vyondo. Msitumie waya, na nailoni msiiguse kabisa. Katani huoza yenyewe, na itakapokuwa imeoza mizizi itakuwa imeshika. Nailoni haiozi, itaukaba mti na mmea pamoja, na ninyi mtaandika kwamba kuna ugonjwa.

Jambo la mwisho alinionyesha kwa kisu. Aliinua mizizi polepole na kunionyesha ganda la mti chini yake. Lilikuwa zima, bila tundu wala kidonda. Mnaujua ule mmea mwingine unaoota juu ya miparachichi na kuinyonya mpaka tawi linakauka. Huu si ndugu yake. Huu umepanga nyumba tu. "Hainyonyi," Kimeu aliniambia. "Imekalia." Nilielewa vizuri kabisa, na naomba mkumbuke kwamba nilielewa.

Baadaye nilihamishiwa Kanyangi, Kitui, na kule nikakutana na mpungate wenyewe. Ulikuwa umemeza malisho. Mbuzi walikuwa wakila matunda yake na kurudi nyumbani na midomo iliyojaa miiba, na wengine wakapofuka. Nikaanza kazi kwa bidii. Nilichukua vibarua na mapanga, tukakata mpungate wote wa upande mmoja wa mto na kuuacha hapo chini ukauke. Mvua ikanyesha. Kila kipande tulichokikata kikatoa mizizi. Ule mmoja ukawa ishirini, na mama mmoja mwenye mbuzi akaja kunishukuru kwa kumpandia ua wa boma.

Nikajifunza kung'oa na shina lake, kurundika na kufukia kwenye shimo refu. Baada ya misimu michache mbuzi wakaanza kupita. Kule Kanyangi nilifanya kazi ya maana, sijutii. Kilichoniharibu ni jina. Ofisini wakaanza kuniita mtaalamu wa kaktasi, na mimi nikaitika. Mtu akishaitika jina kama hilo, kichwa kinavimba hadi hakioni alipokanyaga.

Nilirudishwa Nunguni wakati nafasi ya msimamizi ilikuwa wazi. Mwezi huo huo tukaitwa kwenye semina Emali, tukanywa soda na kusomewa memo. Memo ilikuwa fupi: kaktasi zote ziondolewe katika vituo vyote, na kila kituo kilete ripoti. Aliyeiandika alikuwa na mbuzi wa nyanda za chini kichwani, na nia yake ilikuwa njema. Lakini sisi wa mlimani hatukuwa na mpungate hata mmoja, na bosi wetu wa wakati huo alilitazama hilo kama msiba. Angeandika nini kwenye ripoti? Sifuri? Katika ofisi yetu mtu angeweza kusamehewa kwa kufanya kazi vibaya. Kukosa kitu cha kuandika hakukuwa na msamaha.

Mungu akamletea mgeni. Dada mmoja mwanafunzi alikuja kupiga picha za ndege, akatazama juu na kupiga kelele kwa furaha. "Hii ni kaktasi! Kumbe mko na kaktasi ya msituni hapa!" Alifurahi sana. Bosi alifurahi zaidi.

Mgeni alipoondoka niliitwa ofisini.

"Mutisya, wewe ndiye mtaalamu. Ile kitu ni kaktasi?"

"Ni kaktasi, bosi."

"Na inanyonya miti?"

Vijana, hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema neno moja la kweli. Nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelipewa juu ya mti, kwa kisu, na mtu aliyejua. Nikaikumbuka ile nafasi ya msimamizi, nikatazama viatu vyangu, nikasema, "Inawezekana."

Kwenye ripoti ikaandikwa kwamba kwa mujibu wa mtaalamu, kaktasi hiyo inanyonya miti ya asili. Vibarua waliposita kupanda, nilipanda mimi kwanza nikawaonyesha jinsi ya kuivuta ili isibaki. Mkono wangu ndio ulioshusha ya kwanza. Tulimaliza msitu kwa wiki moja, tukairundika kando ya barabara, tukapiga picha. Nikapata usimamizi, na kofia ya kijani iliyoandikwa mbele maneno ya kuhifadhi mazingira.

Kimeu alikuwa ameshaacha kazi. Alipita pale kwenye rundo na mtungi wake wa maji, akasimama, akalitazama, akanitazama na ile kofia. Nilijiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Alisema tu, "Sawa, bwana afisa," akaendelea na njia yake. Tangu siku hiyo tulisalimiana kanisani kwa mkono, macho yake yakiwa kwa mtu aliye nyuma yangu. Afadhali angenitukana, maana matusi ya Kimeu nilikuwa nimeyazoea na yalinifaa.

Miaka ikaenda. Bosi akahamishwa, na bila shaka akapandishwa cheo. Akaja Madamu, mama mwenye kusoma barua hadi mwisho, jambo ambalo lilitutia hofu sote. Siku moja akatusomea barua kutoka juu. Ilisema kwamba katika Afrika nzima kaktasi zote nyingine zililetwa na watu kutoka Amerika. Ni hii moja tu ya msituni iliyofika bila kuletwa na mtu, na wasomi wanabishana hadi leo kama ndege ndio walioibeba. Kwa hiyo ilindwe, na kila kituo kieleze inapatikana wapi.

Madamu akanigeukia. "Mutisya, nasikia wewe ni mtaalamu. Iko wapi?"

Nilizunguka msitu ule wiki mbili nikitazama juu, hadi shingo ikakataa kurudi mahali pake. Hakuna. Tulikuwa tumefanya kazi nzuri mno. Askari wa msitu aitwaye Mwikali, ambaye wakati wa kung'oa alikuwa kibarua, alikuwa akinifuata kimya. Siku ya mwisho akakohoa.

"Kuna mti moja, mzee. Ile muthulu kubwa huko chini kwa maji."

"Huo si mliandika kwamba ni safi?"

"Tuliandika. Sasa nani angepanda? Iko na mzinga wa Kimeu."

Kama umezaliwa kwetu huhitaji maelezo. Kama hukuzaliwa kwetu, jua kwamba mzinga wa gogo huchongwa alama ya ukoo wa mwenyewe, na mzinga wenye alama hauguswi na mtu wa ukoo mwingine. Mwizi wa ng'ombe ataupita, mlevi ataupita. Vibarua wangu walifika chini ya muthulu, wakaona alama, wakaandika "mti safi", wakaenda kunywa chai. Memo, semina, soda na mtaalamu, vyote vilikuwa vimeipinga kaktasi ile, na ikaokolewa na ripoti ya uongo. Sisemi mwandike uongo. Nasema tu vile mambo yalivyokwenda.

Ilibidi niende kwa Kimeu. Nilimkuta uani kwake akichambua maharagwe, mguu mmoja umevimba, mdomo ukiwa na afya njema.

"Bwana afisa. Umepotea? Ofisi iko ile upande."

Nikamwambia shida yangu. Alisikiliza bila kuacha maharagwe.

"Mimi sipandi tena," akasema. "Huo mzinga una misimu tatu haujarinwa. Panda wewe. Rina asali, na ukishuka uniambie kile umeona."

Asali hurinwa jua likizama, nyuki wakiwa wametulia. Kila mtoto anajua. Mimi niliogopa kuteleza gizani, nikaamua kupanda saa tisa mchana, na moshi wangu ukazimika nikiwa nusu ya mti. Sitawaeleza yaliyofuata, isipokuwa kwamba Mwikali alicheka hadi akaketi chini. Lakini nilifika. Na nilipofika nikasahau nyuki.

Kaktasi ilikuwa imening'inia kama pazia, imejaa matunda meupe. Haikuwa imeshika tawi. Ilikuwa imeshika mzinga. Mizizi yake ilikuwa imelizunguka lile gogo kavu la mzee Kimeu kutoka upande hadi upande, na gogo lilikuwa zima. Niliiinua kidogo kwa kisu, kama nilivyofundishwa, na chini yake hapakuwa na tundu wala kidonda. Nilikaa pale nikiumwa na nyuki na sikushuka haraka. Niliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu ya kazi.

"Umeona?" Kimeu aliniuliza nilipomletea asali yake.

"Imeshika mzinga."

"Huo mzinga baba yangu alichonga. Ni mti umekufa kabla wewe uzaliwe. Sasa niambie, mtaalamu, inanyonya nini?"

"Hainyonyi, mzee."

"Na wakati ule ulijua?"

Jicho langu moja lilikuwa limefungika kwa uvimbe na mdomo wangu ulikuwa kama andazi, lakini ningeweza kusema kweli. Nikasema, "Ilikuwa oda ya ofisi, mzee."

Aliinuka kwa shida, akachukua asali yake. "Chukua ile unataka ya kupanda," akasema akiwa mlangoni. "Lakini hiyo maneno ya oda usiniletee tena hapa." Akafunga mlango.

Basi nikaanza kurudisha nilichokiondoa. Nilikata nyuzi, nikaziacha kivulini siku chache kidonda kikauke, nikazifunga kwa katani kwenye miti kumi. Nilipaka mbegu kwenye maganda kwa kidole. Ndege akila tunda lile, mbegu inamnata mdomoni, naye anajipangusa kwenye tawi, na hivyo ndivyo inavyopandwa. Nikajiambia, kama ndege anaweza, mtu mwenye kofia atashindwaje? Tumbili wakang'oa nne siku ya pili. Mwaka uliofuata ukungu ulikuja kidogo, na nyingine zikakauka. Mbegu zangu zilichukuliwa na sisimizi. Nilirudia mwaka baada ya mwaka, na siku niliyopewa ile saa ya ukutani, katika miti kumi ya mtaalamu hapakuwa na kaktasi hata moja iliyo hai. Nilistaafu nikijua kwamba nimeuacha msitu ule umepungua kuliko nilivyoukuta. Mtu anayekwambia kustaafu ni mapumziko hajaibeba hiyo kifuani.

Mwaka jana Mwikali alinipigia simu. "Mzee, kuja uone."

Miti mitatu, kule bondeni, ambayo sikuwahi kuigusa. Juu ya matawi yake kulikuwa na vichipukizi vya kijani, vifupi kama kucha, vyenye vinyweleo. Ikiwa changa huwa na vinyweleo hivyo, ndipo utajua bila kubisha kwamba hii ni kaktasi. Nilivihesabu mara mbili na machozi yakanitoka, na Mwikali akajifanya anafunga kamba za viatu. Ndege walikuwa wamekula pale kwenye mzinga wa Kimeu na kujipangusa walikotaka wao. Hawakwenda semina.

Madamu alifurahi. Akataka kuandika kwamba mradi wa Mzee Mutisya umefaulu, kuwe na hema, viti na wageni, nami nisimame nipigwe picha. Nilimwomba siku mbili, nikaenda kwa Kimeu.

"Nasikia umefaulu," akasema kabla sijaketi.

"Si mimi, mzee. Zangu zote zilikufa. Hizi ni za ndege."

"Na ile ya kung'oa? Hiyo pia ilikuwa ndege?"

Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno mengi njiani. Yakapotea yote. "Hiyo ilikuwa mimi," nikasema. "Nilijua hainyonyi. Wewe ulikuwa umenionyesha. Nilitaka cheo, nikasema inawezekana."

Alimfukuza kuku aliyekuwa miguuni pake. Kisha akasema, "Umechukua muda," bila ukali, akaniambia nimsaidie kuinuka. Tulienda polepole hadi nyuma ya ghala. Akafunua turubai. Chini yake kulikuwa na mizinga mitatu, mipya, haijawahi kutundikwa, na kila mmoja umechongwa alama ya ukoo wake.

"Nilichonga wakati mikono ilikuwa bado inashika," akasema. "Peleka. Tundika moja kwa kila mti."

"Mimi si wa ukoo wenu, mzee."

"Najua wewe ni wa nani. Lakini mwenyewe ndio mimi, na nakutuma."

"Na nyuki watakuja huko bondeni?"

"Wakitaka. Si ya nyuki."

Hema halikuwekwa. Madamu aliandika kwamba kazi ilifanywa na wadau, kwa hiyo ndege wa Nunguni sasa ni wadau, na hawajaomba soda. Nami nilipanda miti mitatu kwa siku tatu nikitundika mizinga, na magoti yangu hayajanisamehe mpaka leo. Kimeu tulimzika mwezi wa tatu.

Mizinga ile haina nyuki hata mmoja. Mtaikuta huko bondeni mkianza doria. Siku moja atakuja mtu na memo mpya, asimame chini, atazame juu, aulize kwa nini mmeacha mizinga mitupu ichafue miti ya serikali. Msibishane naye. Mwambieni tu kwamba ina mwenyewe.